KUTOKA MNARA WA SAA HADI MAREKANI BILA KUPANDA NDEGE: Barafu si tatizo, tatizo ni muhuri!

UBISHI huu hauishi vijiweni. Utaukuta Ngarenaro, utaukuta Kaloleni, utaukuta Sanawari kwa wauza mitumba. Mmoja anasema haiwezekani mtu kutoka Arusha akafika Marekani bila ndege wala meli, maana katikati kuna bahari. Mwingine, ambaye enzi zake alikuwa mkali wa jiografia, anamrukia: "Wewe mshikaji hujasoma! Kule juu kabisa Urusi na Marekani zimekaribiana, na bahari yenyewe inaganda. Unatembea tu!" Wa tatu anacheka mpaka chai inamwagika.

Leo, mpenzi msomaji, tunaumaliza ubishi huo. Huyo mkali wa jiografia amepatia nusu. Mahali hapo papo, maji yake yanaganda kweli, na wapo watu waliovuka kwa miguu, kwa kuogelea na kwa mitumbwi. Ila nusu aliyoikosa ndiyo yenye uhondo, na inamhusu sana chalii yeyote wa Arusha anayeota kwenda majuu. Kaa mkao wa kula.

PAKO WAPI HAPO?

Panaitwa Mlangobahari wa Bering. Upande mmoja ni Chukotka, ncha ya mwisho ya Urusi na ya bara zima la Asia. Upande wa pili ni Alaska, jimbo la Marekani. Palipobana kabisa, kati ya bara na bara ni kama kilomita 82. Unajua hiyo ni nini? Ni safari ya kutoka Arusha kwenda Moshi! Basi likiwa zuri na trafiki wasipokuwa na mambo mengi, hujamaliza hata gazeti lako umeshafika.

Kina chake nacho si cha kutisha, ni mita 30 hadi 50 tu. Wataalamu wanasema enzi za barafu kuu maji ya bahari duniani yalishuka zaidi ya mita 100, na sehemu hiyo yote ikawa nchi kavu, pana, yenye nyasi. Wanyama walipita, na watu wa kwanza wa Amerika wanaaminika walitokea Asia kwa upande huo. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda na mlango ukafungwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 10,000 iliyopita.

Mzungu wa kwanza kuzunguka ncha hiyo kwa chombo alikuwa Mrusi Semyon Dezhnev, mwaka 1648. Jina lakini amelichukua Vitus Bering, Mdenishi aliyeajiriwa na Warusi, aliyepita hapo mwaka 1728. Kichekesho ni kwamba siku hiyo kulikuwa na ukungu, akageuza bila kuiona Amerika. Na Alaska yenyewe ilikuwa mali ya Urusi mpaka mwaka 1867, walipoiuza kwa Marekani kwa dola milioni 7.2. Leo kuna wachezaji wa mpira wanaonunuliwa kwa zaidi ya hapo.

Sasa sikia utamu. Katikati ya mlango huo kuna visiwa viwili vinavyoitwa Diomede. Kikubwa ni cha Urusi, kidogo ni cha Marekani. Kati yao ni kama kilomita 4 tu, mwendo wa saa moja kwa mtu wa kutembea kawaida. Lakini mstari wa kubadilisha tarehe duniani umepita katikati yao. Ikiwa kisiwa kidogo ni Jumamosi saa 3 asubuhi, kile kikubwa ni Jumapili saa 12 asubuhi. Yaani mtu amekaa mlangoni kwake, anakunywa chai, anaangalia kesho kwa macho!

KWANZA UFIKE HUKO

Tuseme umeanzia pale Mnara wa Saa, ambapo wenyeji hupenda kuwaambia wageni kuwa ndiyo nusu ya njia ya kutoka Cape Town kwenda Cairo. Unapanda basi la Namanga, kilomita kama 110. Unavuka, unaingia Nairobi, unapandisha Moyale mpaka Addis Ababa. Kuanzia hapo wasafiri wa zamani walipita Sudan kwenda Misri. Tangu Aprili 2023, vita vilipolipuka Khartoum, njia hiyo si ya kumshauri mtoto wa mwenzio.

Ukifika Misri, unavuka kutoka Afrika kwenda Asia bila hata kulowa kidole, maana pale Suez kuna handaki la magari linalopita chini ya mfereji. Kisha Mashariki ya Kati, Uturuki, Georgia, halafu Urusi. Urusi hiyo usiichukulie mchezo. Unaivuka yote, mpaka Yakutsk, kisha barabara ya Kolyma yenye kilomita zipatazo 2,000 kwenda Magadan. Baada ya Magadan hakuna barabara ya lami ya kukufikisha ukingoni. Kuna njia za msimu wa baridi, ambazo magari makubwa hupita juu ya mito iliyoganda.

Na usidhani ukivuka upande wa Marekani utakuta stendi. Kijiji cha kwanza kinaitwa Wales, hakina hata watu 200. Mji wa karibu ni Nome, ambao nao haujaunganishwa kwa barabara na miji mikubwa ya Alaska. Kwa hiyo hata ukivuka, bado una kazi.

Haya, umefika ukingoni. Unavukaje? Njia ni tano.

NJIA YA 1: KWA MIGUU JUU YA BARAFU

Wengi wanafikiri bahari ikiganda inakuwa kama uwanja wa Sheikh Amri Abeid, unatandaza miguu tu. Hapana! Mkondo wa maji pale ni mkali, unaipasua barafu na kuisukuma huku na huko. Kinachokuwapo ni mapande, mengine makubwa kama kiwanja cha mpira, mengine kama meza, yanagongana, yanapandana, na katikati yanaacha mifereji ya maji meusi. Unaweza ukatembea mchana kutwa kuelekea mashariki, ukalala, ukaamka ukakuta pande lako limekurudisha magharibi. Ongeza baridi ya nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri, upepo, na dubu weupe wasiochagua nyama.

Wagumu wetu, wale vijana wanaobeba kilo 20 za mzigo wa mgeni kupandisha Kilimanjaro, wanaijua baridi ya kilele usiku. Hata ukipanda Meru kupitia Momella, ukatoka Saddle Hut saa 7 usiku kuitafuta ncha yake ya mita 4,566, vidole vinakufa ganzi. Lakini mgumu akichoka anakaa juu ya jiwe, na jiwe linabaki pale pale. Bering jiwe linaondoka na wewe!

Hata hivyo wapo waliovuka. Mwaka 1998, Warusi Dmitry Shparo na mwanawe Matvey walivuka kwa kuteleza juu ya barafu. Machi 2006 wakavuka Karl Bushby, Mwingereza aliyewahi kuwa askari wa miavuli, na Dimitri Kieffer, Mfaransa mwenye uraia wa Marekani. Bushby alikuwa ameanza kutembea kwa miguu kutoka ncha ya kusini ya Chile mwaka 1998, akiwa ameapa kurudi kwao Uingereza bila kupanda chombo cha injini. Kuvuka Bering kuliwachukua kama wiki mbili. Penye mifereji walivaa nguo zisizopitisha maji, wakajitosa na kuogelea wakiburuta mizigo.

Wakafika Asia wakiwa hai. Unadhani walipokewa na ngoma? Walipokewa na askari wa mpakani! Kosa lao: wameingia Urusi mahali pasipo na kituo cha uhamiaji. Barafu haikuwashinda, dubu hawakuwala, lakini pasi hazikuwa na muhuri. Kesi ikaunguruma, wakawa hatarini kufukuzwa nchini, mpaka wakubwa walipoingilia kati.

Na Bushby hakuishia hapo. Mwaka 2013 Urusi ilimpiga marufuku kuingia. Jamaa akatembea kwa miguu kutoka Los Angeles mpaka ubalozi wa Urusi mjini Washington, nchi nzima ya Marekani, kwenda kuomba asamehewe. Alisamehewa mwaka 2014. Mwaka 2024, kwa kuwa hakutaka kupita tena Urusi wala Iran, aliogelea Bahari ya Kaspi kutoka Kazakhstan hadi Azerbaijan, kilomita karibu 290, kwa siku 31 za kuogelea na kupumzika. Umeelewa, msomaji? Mtu ameona ni afadhali aogelee bahari nzima kuliko kupanga foleni ya viza.

NJIA YA 2: KUOGELEA

Hii ni ya mwanamama. Tarehe 7 Agosti 1987, Mmarekani Lynne Cox, akiwa na miaka 30, aliingia majini kutoka Diomede ndogo akaenda Diomede kubwa. Maji yalikuwa nyuzi joto 3 hadi 6 hivi. Maji ya mto Themi asubuhi ya Julai ni uji wa moto mbele ya hayo! Na hakuvaa nguo ya kuzuia baridi. Alikuwa na vazi la kawaida la kuogelea, kofia na miwani, basi. Mtu wa kawaida kwenye maji hayo mikono inakataa kazi ndani ya dakika chache. Yeye alitumia saa 2 na dakika kadhaa, akatokea upande wa pili, Warusi wakimsubiri na mablanketi.

Sasa pigia mstari hapa: kuogelea kulichukua saa 2, kutafuta ruhusa kulichukua miaka 11! Tangu alipopata wazo hilo aliandika barua, akapiga simu, akagonga milango ya wakubwa wa pande zote mbili. Wakati ule Marekani na Urusi ya Kisovieti walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Desemba ya mwaka huo huo, Mikhail Gorbachev alipokwenda Washington kutia saini mkataba wa kupunguza makombora na Ronald Reagan, alimtaja mwanamama huyo mbele ya wageni kama ushahidi kwamba watu wa nchi hizo mbili wanaishi jirani kabisa.

NJIA YA 3: MTUMBWI

Hii ndiyo ya zamani kuliko zote, na wenye nayo hawakuhitaji kuandikwa gazetini. Wenyeji wa pande hizo mbili, Wayupik, Wainupiat na Wachukchi, walivuka kwa karne nyingi. Mitumbwi yao ilikuwa ya mbao iliyovikwa ngozi ya mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama ya tembo. Walivuka kufanya biashara, kuoa, kucheza ngoma, na mara nyingine kupigana. Kwao Bering haikuwa mpaka wa mabara, ilikuwa njia ya kwenda kwa shemeji.

Mambo yaliharibika mwaka 1948, vita baridi ilipopamba moto. Mpaka ulifungwa. Wenyeji wa Diomede kubwa walihamishwa kupelekwa bara, kisiwa wakaachiwa walinzi wa mpaka. Mtu akabaki anaukodolea macho mlima wa kisiwa cha binamu yake, kilomita 4, lakini akivuka ni jela. Ikawa hivyo kwa miaka 40. Watoto wakazaliwa, wakakua, wakaoa, bila kumjua shangazi aliyeko ng'ambo.

Juni 1988 serikali mbili zililegeza kamba. Ndege ya wageni ikatoka Nome kwenda Provideniya upande wa Urusi, safari ya chini ya saa moja, na ndani yake wakiwamo wazee wa Kiyupik. Ndugu waliachana wakiwa vijana, wakakutana wakiwa na mvi. Mwaka 1989 ukatiwa saini mkataba wa kuwaruhusu wenyeji wa pande zote mbili kutembeleana bila viza.

Boti ilitumika tena kwa namna nyingine Oktoba 2022. Wanaume wawili Warusi walitoka mji wa Egvekinot kwa boti ndogo, wakasafiri bahari ile yenye mawimbi mpaka kijiji cha Gambell, kisiwa cha St. Lawrence, Alaska, kusini kidogo ya mlango wenyewe. Walikuwa wanakimbia kuandikishwa jeshini kupelekwa vita vya Ukraine. Wakaomba hifadhi. Walipotia mguu nchi kavu walichukuliwa na maofisa uhamiaji, wakakaa mahabusu miezi kadhaa kabla ya kuachiwa kusubiri maamuzi. Tena yale yale: bahari waliivuka, karatasi ndiyo iliyowaweka ndani.

NJIA YA 4: NDEGE

"Si tulisema bila ndege?" Ndiyo, lakini sikiliza maajabu. Baada ya 1988 ndege ndogo za kukodi zilikuwa zinavuka kutoka Nome kupeleka watalii na ndugu. Ila baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, Marekani ilizifungia ndege za Urusi anga lake, na Urusi nayo ikajibu kwa kubana. Leo mtu wa Nome anayetaka kwenda Provideniya kihalali hukuti ndege ya kumvusha. Inabidi aende kusini, atafute nchi ya tatu, azunguke karibu dunia nzima mpaka Moscow, halafu avuke tena Urusi yote kurudi mashariki. Ni sawa na mtu wa Sakina anayetaka kwenda Ngaramtoni, aambiwe apitie Mtwara, Kigoma na Bukoba!

NJIA YA 5: TRENI CHINI YA BAHARI

Hii bado ni ndoto, lakini ni ndoto yenye mvi. Mwaka 1890 Mmarekani William Gilpin, aliyekuwa gavana wa kwanza wa Colorado wakati bado haijawa jimbo, alitoa kitabu kizima cha kutaka reli ya kuzunguka dunia ipite Bering. Miaka ya mwanzo ya 1900, serikali ya mfalme wa Urusi ililetewa mpango wa handaki. Mwaka 2007 Warusi wakaufufua, gharama ikatajwa kuwa dola bilioni 65. Oktoba 2025, Kirill Dmitriev, mjumbe wa Rais Putin, akaibuka na wazo la handaki la kilomita kama 112, na kudai kwamba kwa teknolojia ya kampuni ya Elon Musk linaweza kujengwa kwa chini ya dola bilioni 8. Rais Trump alipoulizwa alisema ni jambo la kuvutia. Likaishia hapo.

Kitaalamu linawezekana. Handaki la kati ya Uingereza na Ufaransa, la kilomita 50, lilifunguliwa mwaka 1994. Tatizo ni kwamba ukishachimba, treni inatokea wapi inakwenda wapi? Pande zote mbili hakuna reli mpaka uende zaidi ya kilomita elfu moja upande wa Urusi, na mamia ya kilomita upande wa Alaska. Kujenga reli juu ya udongo ulioganda, unaolainika kila kiangazi, si lelemama.

Na sisi wa Arusha hatuna haja ya kufundishwa subira ya treni. Reli ilifika hapa mwaka 1929. Huduma ikafa, mji ukakaa karibu miaka 30 bila kusikia honi, mpaka Oktoba 2020 treni kutoka Dar ilipoingia tena stesheni na watu wakajaa kuishangaa kama harusi. Hiyo ni reli ambayo tayari ilikuwapo, nchi kavu, hakuna dubu!

BERING YETU IKO NAMANGA

Sasa tugeukie nyumbani, maana hapa ndipo ubishi wa kijiweni unapokosea. Watu wanabishana juu ya barafu, kana kwamba ndiyo inayomzuia mtu. Hesabu mwenyewe: barafu ilivukwa kwa wiki mbili, maji kwa saa mbili. Karatasi ilikula miaka 11 kwa mmoja na miaka 40 kwa kijiji kizima.

Na huna haja ya kwenda Alaska kuliona hilo. Panda basi la Namanga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa Ulaya wakapiga rula juu ya ramani, wakaupindisha mstari kidogo kuuzunguka Kilimanjaro, wakaenda zao kunywa. Mstari ule ukapita katikati ya Wamaasai. Mmoja akawa wa Longido, nduguye akawa wa Kajiado. Lugha moja, rika moja, ng'ombe wa ukoo mmoja, pasi mbili.

Mvua zikikatika, ng'ombe hafuati ramani, anafuata nyasi. Oktoba 2017 serikali yetu ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Wenye sheria walisema sheria ni sheria, na hatuwezi kuwa malisho ya kila mtu. Wenye ng'ombe walisema babu zao walichunga hapo kabla rula haijabuniwa. Wote wawili wana hoja, na mfugaji ndiye aliyerudi nyumbani na fimbo tupu.

Tusijifanye hakuna kilichofanyika. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini hapa hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na makao makuu yako hapa hapa mjini. Soko la Pamoja lilianza Julai 2010. Desemba 2018 kituo cha pamoja cha Namanga kilizinduliwa, ukapunguziwa adha ya kupanga foleni mara mbili, Tanzania kisha Kenya. Tanzania ilianza kutoa pasi mpya ya kielektroniki ya Afrika Mashariki Januari 2018. Wenyeji wa Bering wangetupa hongera.

ANGALIA MWENZANGU, USIZAMIE

Kuna mwingine atasoma hapa aseme: "Kama karatasi ndiyo tatizo, basi mimi napita bila karatasi." Ndugu yangu, tulia nikwambie.

Mlango unaotenganisha mabara mawili ulio karibu na sisi hauko Bering, uko Bab el-Mandeb, kati ya Djibouti na Yemen. Hauna barafu hata punje. Upana wake ni chini ya kilomita 30. Kila mwaka maelfu ya vijana, wengi Waethiopia, wanajazwa kwenye boti kutoka pwani ya Obock kwenda kutafuta kazi Uarabuni. Aprili 2024, ndani ya mwezi mmoja, boti mbili zilizama karibu na pwani ya Djibouti zikiwa na watu waliokuwa wanarudi kutoka Yemen. Makumi walikufa. Maji ya moto, bahari fupi kuliko Arusha na Moshi.

Na si lazima iwe baharini. Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa kwa kukosa hewa baada ya kusafirishwa ndani ya lori mkoani Dodoma, katikati ya nchi yetu, wakielekezwa kusini. Walikuwa vijana wa umri wako wewe unayesoma. Mwenye dili aliwaambia njia ni nyeupe. Wenye madili wote husema hivyo, awe wa Addis au wa Arusha, na pesa huwa wameshachukua.

Bushby alikuwa na mafunzo ya jeshi na vifaa. Cox alikuwa na boti za kumsindikiza na madaktari, na aliingia majini baada ya ruhusa kutoka. Mtu mwenye uwezo wa kuogelea maji ya nyuzi 4 alisubiri miaka 11 apate karatasi. Wewe usiyejua hata kuelea unakimbilia wapi?

KABLA HUJAFUNGA BEGI

Kama mguu unawasha, anza na unaoweza. Kata pasi mapema, usingoje mpaka upate safari, maana dili likija halisubiri. Kwa Kenya unaweza pia kuomba hati ya safari ya muda pale uhamiaji. Beba kadi ya homa ya manjano. Hakikisha umegongewa muhuri kuingia NA kutoka. Wengi wanasahau wa kutoka, wakirudi safari nyingine wanageuka watuhumiwa. Angalia siku ulizopewa, usizidishe hata moja. Na mtu akikwambia "hiyo muhuri achana nayo, mimi najua wakubwa", shuka kwenye gari lake.

Haya, jibu la ubishi ndilo hilo. Arusha hadi Marekani bila ndege INAWEZEKANA kwa miguu yako, ila kwa sasa HAIWEZEKANI kwa pasi yako. Aliyewekeana dau la soda na mwenzake, kila mtu ajilipie yake.